Kalamu ya Jenerali

Shoga, acha unachofanya usome hapa.

Nimetoka sasa hivi kwa yule mtaalamu wa sindano uliyenielekeza. Nilikuwa nimelala kifudifudi, mgongo mzima sindano kama nungunungu, siruhusiwi hata kukohoa.

Nyuma ya pazia kuna mtu anakandwa kiuno, analia, "Mama yangu! Hapo hapo! Diski hiyo!"

Sauti nikaijua. Msimamizi wetu kazini, kule kwenye kufua mashuka. JENERALI, shoga!

Yule yule aliyeninyima likizo asubuhi, nikiwa na picha za mgongo mkononi zinazoonyesha diski ya uti imechomoka. Si unaujua mtihani wake? Anaangusha kalamu chini, ukiweza kuinama kuiokota, basi wewe mzima, rudi kwenye mashuka. "Diski ni ugonjwa wa wavivu." Ndivyo alivyoniambia. Wa wavivu!

Nikasema kwa upole wangu wote, "Pole bosi. Uvivu umekuanza lini?"

Mkandaji akaacha kukanda.

Pazia likavutwa. Jenerali kajifunga taulo, kajipinda kama kulabu. Akanyakua mkoba aondoke, kalamu ikadondoka katikati ya vitanda.

Tukaitazama wote wawili.

"Iokote basi bosi, nikuone."

Akajaribu, shoga! Mkono ulifika magotini, akakwama hapo hapo mpaka mkandaji alipokuja kumnyoosha.

Akasema bila kunitazama, "Likizo umepata. Ila haya yasifike kwa mtu yeyote kazini."

Nikamwapia.

Bahati nzuri wewe hufanyi kazi kwetu.