Kamuti ka kutegemeza moteri

Butembo, mardi mangaribi

Donc moteri yetu ya mutumbwi sasa inajiinua yenyewe. Leo bwana yangu alitoa verini ya zamani, ile chuma ya kuinua moteri, akaweka ingine yenye alinunua Kasindi. Alipofinya butoni, moteri ikapiga magoti mu pipa ya maji, ikasimama, ikapiga magoti tena.

Nikamuambia: “Baba Muhindo, inajua kusali kukupita.”

Hakucheka. Aliita bajirani, batu ba mulima benye hawajue hata kuogelea, kila mutu akafinya butoni.

Kisha akanitupia kale kamuti ka mukalitusi kenye alikuwa anategemeza nako moteri akifika Kyavinyonge, kando ya ziwa, helisi, ile panga yenye inazunguka mu maji, isigonge mawe. “Pikia maharage. Kazi yake imeisha.”

Mimi naogopa. Butoni ikikataa kule ziwani, viboko karibu, nani ataitegemeza bila kamuti...

Basi nikaenda kukaficha mu mufuko wake wa safari ya kesho. Chini ya mashati nikakuta kamuti kengine, kapya, bado kananukia mukalitusi.

Nikafunga mufuko pole pole. Kale ka zamani kataivisha maharage.