Koki ya Pili

Jumatatu, 17 Oktoba
Boti iko bandani. Reino, jirani, ameivuta kutoka ziwani kwa trekta yake. Miaka thelathini na moja mume wangu Taisto ameiandaa injini ile kwa majira ya baridi peke yake, mlango umefungwa. Kazi yangu ilikuwa kupeleka kahawa. Kiharusi cha Agosti kimempoozesha mkono wa kulia na kumwachia neno moja tu: "bado." Umeshiba? Bado. Unaumwa? Bado.
Leo nimefungua kifuniko mwenyewe. Kumbe injini ni ndogo hivi! Kwa kelele zake nilidhani ni kama ng'ombe.

Jumatano, 19 Oktoba
Nimebadilisha oili. Nimejipaka hadi shingoni. Swali: boti haiendi popote, kwa nini tangi la dizeli lijazwe pomoni? Reino anasema tangi lenye nafasi hutoka jasho ndani, na jasho ni maji. Tangi kutoka jasho — nimeliwaza hilo mpaka viazi vikaungua.

Alhamisi, 20 Oktoba
Redio: kesho jioni digrii sita chini ya sifuri. Maji ya kupozea yakibaki ndani ya injini yataganda, yapasue chuma. Reino akafungua koki ya kutolea maji. Halikutoka hata tone.
"Kavu, shemeji. Tumemaliza."
Nikampa Taisto habari. "Bado." Nikampangusa mdomo. "Bado!" Akapiga meza kwa mkono mzima, kikombe chini. Mume wangu hajawahi kupiga meza.
Na kama safari hii anasema anachomaanisha?

Ijumaa, 21 Oktoba
Asubuhi nimeingiza waya ndani ya koki. Kwanza tope la kutu. Halafu maji — meusi, nusu ndoo. Ilikuwa imeziba tu. Reino akabaki anatazama buti zake. "Ningekuulia injini, shemeji."
Nilipomsimulia Taisto alicheka kwa upande mmoja wa uso, kisha akainua vidole viwili.
Koki mbili?

Saa tisa alasiri, bandani. Tumemleta kwa kiti cha magurudumu, blanketi mbili. Tayari ni digrii moja chini ya sifuri. Koki ya pili ipo kweli, nyuma, chini ya bomba la moshi. Haionekani, inapapaswa. Na haigeuki. Reino alitaka nyundo, nimemkatalia. Naandika huku napasha vidole.

Taisto amesema, "Kushoto."
Wazi kabisa. Reino amevua kofia. Mimi nimeuliza kama mjinga: nigeuze kushoto, au nipitishe mkono upande wa kushoto? Anatikisa kichwa, amekasirika, anatafuta neno lingine. Midomo inacheza. Reino anasema tujaribu tu, baridi haitusubiri. Nimemwambia anyamaze. Spana iko mapajani, kalamu mkononi, nimeinama karibu na mdomo wake, na sigeuzi kitu mpaka aseme.