Baba, Habari za Mfalme Zimefika Thika

Baba yangu uliyezoea kuniita Mama,

Ule ujumbe wako umefika. Umemfikia mwenyewe, mzee Njoroge baba mkwe wangu, na nakwambia hilo kwanza ili usikae na wasiwasi nikiendelea na mengine. Najua ungekuwa hapa ungenikatiza: "Wambui, anza mwanzo, usituruke-ruke." Haya, naanza mwanzo.

Lakini kwanza nikueleze kwa nini nakuandikia kwa Kiswahili. Wewe mwenyewe ulisema Kikuyu ni cha kubembelezea watoto na kuombea Mungu, na Kiswahili ni cha kubishana. Ulikijulia kwenye lile shamba la kahawa, ukitengeneza meza za kuanikia buni pamoja na mafundi kutoka kila pembe, na kila jioni ulirudi nyumbani na ubishi mpya. Mama alikuwa akisema hujawahi kurudi na kitu kingine. Sasa barua hii inahusu ubishi, kwa hivyo naona lugha yake ni hii.

Unakumbuka siku walipokuja kwetu Mugutha kuniposa? Mimi naikumbuka mpaka harufu yake. Mama alikuwa amesiriba sakafu kwa samadi tangu asubuhi, shangazi wamejaa jikoni, na mimi nimevaa kile kitambaa cha kichwa ambacho baadaye ulisema kilinifanya nionekane mgonjwa. Mwaura wangu alikaa karibu na mlango kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Na baba yake, mzee Njoroge, fundi cherehani wa pale Thika kwenye baraza la duka la Mhindi, alikuja amevaa koti alilojishonea mwenyewe, mistari imenyooka mbele na nyuma. Ulilitazama lile koti kwa muda mrefu. Nilijua umelipenda na nilijua hutasema.

Wakaleta kibuyu cha pombe ya muratina. Nikaitwa, nikamimina kwenye pembe ya kunywea, nikakupa kwa mikono miwili. Ukaniuliza mbele ya wote, kama baba anavyopaswa kuuliza, "Mama, ninywe?" Na mimi nikajibu, "Kunywa, Baba." Hapo mimi nilikuwa nimekubali. Ilibaki wewe uinue pembe unywe, kwa sababu bila hiyo hakuna ndoa, hata wageni wangelala pale wiki nzima.

Ukaiinua. Na pembe ikiwa karibu na mdomo, mzee Njoroge akaona ni wakati mzuri wa kujisifia ukoo wake. Akasema, "Kariuki, usidhani binti yako anaenda kwa watu wa hivi hivi. Sisi ndio tuliomtoa yule mfalme."

Ukaiweka pembe chini. Baba, moyo wangu uliwekwa chini nayo.

"Mfalme gani?" ukauliza.

"Yule wa zamani, kabla ya babu za babu zetu. Aliyewalimisha watu bila kuwaruhusu hata kuketi. Walipomchoka wakamtoa, na tangu hapo utawala ukawa wa kupokezana, rika likizeeka linaliachia rika jingine. Wewe ni mtu mzima, hujui hayo?"

"Najua yanayosemwa. Lakini Mkikuyu hajawahi kuwa na mfalme. Nani angemkubali? Wewe ungemkubali?"

"Mimi? Mimi sikuwepo."

"Na yeye hakuwepo."

Kule jikoni shangazi walicheka, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Ukaendelea, maana wewe ukishashika jambo hukuwa unaliachia. Ukamwambia kwetu mtu hapotei. Wewe ni Kariuki kwa sababu babu yako alikuwa Kariuki, na mimi ni Wambui kwa sababu mama yako ni Wambui, ndiyo maana unaniita Mama mbele ya watu bila aibu. "Kila aliyeishi anarudi kwa jina lake. Sasa huyo mfalme wako aliitwa nani, na yuko wapi mjukuu anayeitwa hivyo?"

Mzee Njoroge hakutikisika. "Hiyo ndiyo adhabu aliyopewa. Walikubaliana asiitwe mtoto yeyote kwa jina lake."

"Sasa mtu asiye na jina, unajuaje alikuwepo?"

"Kwani nani hujisumbua kuficha jina la mtu ambaye hakuwepo?"

Lo! Mlikuwa mmekutana. Mwaura alinitazama, nikamtazama, na povu la muratina likawa linaisha kwenye pembe. Wazee wengine wakaanza kuchagua upande. Mmoja akasema kweli, hata nyanya yake aliwahi kumsikia huyo mfalme akitajwa. Mwingine akasema nyanya za watu husema mengi. Ukatangaza kwamba hunywi pombe ya mtu anayekuletea mfalme ndani ya nyumba yako.

Sijui nilipata wapi ule ujasiri. Nadhani niliona maisha yangu yote yakimwagika kwa sababu ya mtu ambaye hata jina hana. Nikapiga magoti, nikaichukua pembe, nikasema, "Wewe huniita mama yako. Basi mama yako anakwambia: kunywa."

Shangazi mmoja akasema "Haiya!" halafu akafunika mdomo. Wewe ulinitazama, na niliona ile hasira ikianza kucheka pembeni mwa macho. Ukapokea, ukanywa mpaka chini, ukajifuta kwa kiganja. "Nimekunywa," ukamwambia mzee Njoroge. "Lakini hakuwepo."

Hivyo ndivyo nilivyoolewa, Baba, na hivyo ndivyo mlivyopendana. Maana ulikuwa upendo ule, msinidanganye. Kila nilipokuja Mugutha kukusalimia, kabla hujaniuliza habari ya mtoto uliniuliza, "Yule mzee anasemaje?" Na nikirudi Thika, baba mkwe alikuwa akipunguza mguu kwenye cherehani aniulize, "Kariuki amekubali?" Nilimbeba mfalme huyo kwenda na kurudi mara nyingi kuliko nilivyobeba ndizi. Ulinituma nimwambie kwamba watu wanaolima hivyo bila kuketi wangekufa wote katika msimu mmoja. Akanituma nikwambie kwamba wewe umelizoea shamba la kahawa na bado uko hai. Ulicheka mpaka ukatafuta pa kushika.

Halafu Wazungu wakatangaza hali ya hatari, na kutoka Thika mpaka stesheni yenu ya Ruiru, safari ambayo treni ilikuwa inaimaliza kabla mtoto hajalia, ikawa nchi nyingine. Bila pasi hutoki. Mzee Njoroge aliomba pasi aje kukuona, akanyimwa, akaomba tena. Mlitolewa kwenye nyumba zenu mkapangwa kwenye kile kijiji kipya chenye handaki kuzunguka, na filimbi ya askari ikilia kila mtu anatoka na jembe kwenda kuchimba matuta, wazee kwa akina mama.

Mimi nilipata pasi siku moja tu ya kuja. Nilikukuta pembeni mwa tuta, mmepewa nafasi ya kula, na ulikuwa umesimama. Nilikuwa na mimba kubwa, nikakwambia, "Baba, keti tule." Ukanijibu kwamba mwenye filimbi hapendi kuona watu wameketi. Ulisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha ukatazama jembe lako. Nikajua unafikiria nini kabla hujafungua kinywa.

"Wambui," ulisema. Hukuniita Mama siku hiyo. "Nilisema hakuna Mkikuyu angekubali. Na mimi hapa nimekubali. Nimesimama kwa sababu ya filimbi."

Nililia, Baba. Sikuwa nimewahi kukuona hivyo. Lakini wewe hukuwa unalia, ulikuwa unabishana, sasa na wewe mwenyewe. Ukasema, "Basi mtu wa namna ile anaweza kuwepo. Na kama aliweza kuwepo, aliweza kutolewa. Hadithi yote ina nusu mbili, na mimi nilikuwa napigania nusu moja tu. Yule mzee alikuwa sahihi. Alikuwepo, na walimtoa."

Nikafuta macho, nikasema nitamwambia siku hiyo hiyo nikifika. Ukanishika mkono haraka. "Thubutu! Usimwambie chochote mpaka yeye aseme kwanza kwamba hakuwepo. Sitamtangulia yule." Ngai wangu. Na filimbi ikalia ukaenda, na ukageuka mara moja kuona kama nacheka. Nilikuwa nacheka na machozi bado hayajakauka.

Ugonjwa wa kifua ulikuchukua kabla ya mvua kuisha. Mtoto alizaliwa baada yako, mvulana, wa pili, na kwa kuwa wa kwanza ni Njoroge, zamu ilikuwa ya upande wangu na huyu hakuhitaji mkutano. Ni Kariuki. Ninamwita Baba nikiwa na furaha naye na Kariuki akivunja vitu. Mzee Njoroge alinyimwa pasi hata ya kuja kukuzika. Alikaa kwenye baraza lake siku hiyo bila kugusa cherehani, na Mhindi mwenye duka alimletea chai akamwacha. Baadaye alimshonea mtoto koti kwa vipande vilivyobaki vya lile koti lake. Mistari imenyooka mbele na nyuma.

Nami nikakaa na ujumbe wako. Nilimsikia akiwahadithia wajukuu habari za mfalme, mchana huku akipiga pasi suruali za watu, na kila mara nilijiuma ulimi. Ulikuwa umeniwekea sharti na mimi ni mtoto wako.

Mwaka huu pasi si shida tena kama zamani. Watu wanatembea, wanaongea kwa sauti, hata sokoni Thika wanawake wanajadili nani ataongoza nini, na hakuna anayewanyamazisha. Juma lililopita mzee Njoroge alisema twende Mugutha. Tulishuka Ruiru, tukatembea polepole kwa sababu ya magoti yake, yeye na kibuyu kidogo begani, mimi nimeshika watoto wawili. Akina mama wa kanisa wangeona kile kibuyu tungekoma.

Tukafika pale ulipolala, karibu na mgomba. Akavua kofia, akamwaga kidogo chini. Nilidhani ataomba. Akasema, "Kariuki, nimekuja kukwambia umeshinda. Mimi nimezeeka na nimewaza sana. Hakuwepo. Nafikiri baba yangu alituambia vile ili tujione watu. Hakuna mfalme aliyetolewa na wakulima. Wenye nguvu hawatolewi."

Baba, lile ndilo neno ulilolingoja, na nilichukia kulisikia. Alilisema kwa uchovu, kama mtu anayerudisha kitu alichokuwa ameazima. Nikafungua kinywa niseme ujumbe wako. Lakini kabla sijapata sauti, mtoto akaniachia mkono, yule mdogo, Kariuki, na koti lake la vipande, akaenda akasimama mbele ya babu yake.

"Alikuwepo, Guka," akasema. "Na walimtoa."

Mzee Njoroge alimtazama yeye, akaitazama ile ardhi, akamtazama tena. "Kariuki," akasema, "hata leo? Nimekuja mpaka hapa kukubali, na bado unanipinga?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini kwenye nyasi, machozi yakimtoka. Ndipo nikapiga magoti kando yake nikampa ujumbe wote kama ulivyonipa: jembe, filimbi, nusu mbili, na sharti lako. Alisikiliza bila kunikatiza. Halafu akasema, "Miaka yote hii! Mtu mkaidi huyu!" na nilijua hajakutaja kwa furaha namna ile tangu siku ya pembe.

Nikamwuliza mtoto amejuaje. Akashangaa. "Guka alisema mwenyewe," akasema.

Unaniuliza mimi naamini nini? Sijui, Baba. Hatuna jina lake wala kaburi lake. Lakini nimeona nusu ya kwanza ya hadithi kwa macho yangu, pale kwenye matuta, na kwa hivyo nimeamua kuingoja ya pili. Nataka watoto hawa waione. Naamini wataiona.

Mzee Njoroge hakuinuka haraka. Alitoa ile pembe ya siku ile, kumbe aliitunza, akamimina iliyobaki. Akaishika mbele ya mtoto kwa mikono miwili, mzee wa mvi mbele ya mtoto mwenye kamasi, akamwuliza kwa heshima zote, "Kariuki, ninywe?"

Na wewe, Baba, ulimtazama vizuri, ukachukua muda wako, ukamwambia, "Kunywa."

Lala vizuri.

Wambui, binti yako na mama yako