Kwa Maige, Mwenye Friji la Mayai

Mwaka umetimia, Maige mdogo wangu, tangu tukulaze kaburini hapa Kahama, ukiwa mwepesi hata waliokubeba walitazamana. Watu walikuja wachache. Waliokuja walisimama mbali kidogo, maana ulikufa ukiwa mfungwa, na mtaa mzima ulijua ulifungwa kwa kuficha sabuni na sukari wakati wenzako wanaogea majivu. Naandika tangazo hili ili wanaolisoma gazetini wajue walimzika nani.

Ulikuwa karani wa mizani kwenye ghala la pamba. Ukitoka kazini ulikuwa kero. Hakuna kitu kilichokufa katika mtaa wetu kikaachwa kipumzike, lazima ukiokote. Baiskeli ya marehemu baba uliigeuza ikawa mashine ya kupukuchulia mahindi; tukakosa baiskeli, na mahindi yakatoka yamepondwa. Betri zilizokwisha ulizianika juu ya bati kama dagaa, ukaziunganisha kumi na sita kwenye ubao mmoja, na redio ikaongea nusu saa. Majirani walijaa uani. Nilikuita fundi wa kuharibu vizima, na jina hilo watu walilipenda, wakalitumia mpaka kazini kwako.

Macho ya mama yalipoanza kufifia, ulimfungia waya kutoka mlango wa jikoni hadi chooni, ukaupitisha kwenye vigingi, aushike anapokwenda. Kwenye kona ulitundika kopo lenye kokoto ili ajue amefika pa kugeukia. Mama aliuita waya ule "mkono wa Maige". Mimi niliutumia kuanikia nepi.

Ulikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa moja: vitu vyako havikuguswa. Binti yangu Limi aliwahi kuvuta kipande cha waya, ukamkemea mpaka ukaona aibu mwenyewe. Jirani akitaka kuona, alionyeshwa kwa kidole tu. Mtaa mzima ulijua hivyo, kwamba vitu vya Maige anagusa Maige.

Kisha mdondo ukapita, ukamaliza kuku wa mtaa kwa juma moja. Hapo ndipo ulipopata wazimu wako mkubwa. Ulisema utaangua vifaranga bila kuku, ili kila nyumba ianze upya. Lataben, yule mjane mwenye duka karibu na stendi, alikupa friji la mafuta ya taa lililokufa, kwa kuwa ulimtengenezea cherehani yake mara mbili na hukutaka malipo. Yeye hali mayai. Alipoambiwa unalitakia nini alicheka, akasema mradi asiletewe kuku dukani.

Ulilitoboa friji chini, ukapitisha bomba la bati linaloleta joto kutoka kwenye taa ya chemli. Ndani uliweka kopo la maji, hewa isikauke. Kipima joto hukuwa nacho, basi ulikuwa unachukua yai unaligusisha kwenye kope ya jicho lako, unatulia, halafu unapandisha utambi au unaushusha. Mara ya kwanza mayai yalioza, nyumba ikanuka siku tisa. Mara ya pili yaliiva, tukayala kwa chumvi huku nikikusimanga. Mara ya tatu ulikusanya mayai arobaini na manane kutoka vijiji ambako mdondo haukufika, na kila yai ukaliandika kwa penseli jina la jirani utakayempa kifaranga chake. Na kwa kuwa hukujua kungoja, ulianza pia sanduku kubwa la mbao, la mayai mia tatu. Lilikuwa na kuta mbili, na katikati ya kuta ulijaza pamba chafu za ghalani ili kushika joto.

Huo ulikuwa mwaka 1983. Anayekumbuka mwaka ule hahitaji kuambiwa habari ya sabuni. Msako wa walanguzi ulipoanza, watu walitupa bidhaa vichakani na visimani. Mimi sikutupa. Nilikuwa na katoni mbili za sabuni ya miche na sukari niliyoishonea vifuko vyembamba, mali niliyokuwa nawauzia wachimbaji wa Geita kwa kificho. Ulipokuwa kazini niling'oa ubao wa sanduku lako, nikatoa pamba yote nikaichoma, nikapanga sabuni na sukari katikati ya kuta, nikarudisha misumari kwenye matundu yake. Nilichagua hapo kwa sababu mtu yeyote angekuambia kwamba hapo hapaguswi.

Wakaguzi walikuja Jumamosi mchana, watu wanne. Walipekua chumba changu, wakageuza godoro, wakaingiza mikono kwenye mtungi wa unga. Hawakupata kitu. Walikuwa wanaondoka, Maige. Mmoja alipopita barazani kwako akaona moshi wa taa chini ya friji, akauliza ni kitu gani. Ungesema ni friji bovu, wangekwenda zao. Lakini hakuna aliyewahi kukuuliza swali hilo kwa dhati, na wewe ulifurahi. Uliwaeleza tangu mwanzo. Ulimpa mmoja wao yai aligusishe kwenye kope yake, naye akaligusisha, mtu mzima na kofia yake, akacheka. Nilisimama pale nimemshika Limi mkono, namwomba Mungu upaliwe na mate.

Ulifika kwenye sanduku kubwa. Ulitaka waone jinsi ukuta unavyoshika joto. Uliwaambia ndani ni pamba tupu, ukachukua nyundo ukang'oa ubao mwenyewe. Mche wa kwanza ulikuangukia mguuni.

Wakauliza mali ya nani. Uliiangalia ile sabuni kama mtu aliyekosea hesabu ya vipimo, unatafuta ni wapi ulipokosea. Halafu ukaniangalia mimi. Najua ulielewa, kwa sababu uso wako ulitulia. Ukaningoja niseme. Mkaguzi naye akanigeukia.

Nikasema, "Hilo ni sanduku la Maige. Sisi hatuligusi."

Wakawauliza majirani waliokusanyika uani. Wote walisema ni kweli, vitu vya Maige anagusa Maige. Hawakusema uongo.

Hukukana. Walipokuwa wanakufunga mikono ulisema, "Dada, zimebaki siku mbili. Usizime taa, na usiyageuze tena."

Niliizima hata hamjafika barabarani. Niliogopa watarudi, na sikutaka kitu chako chochote kiwe kinawaka nyumbani. Niliyapakia mayai kwenye beseni nikaenda nayo chooni, na karibu na mlango nikasikia sauti. Vilikuwa vinalia ndani ya maganda. Nilisimama kidogo, na nasema hivyo nisije nikaonekana kwamba sikusikia. Kisha nikamwaga. Vililia mle shimoni mpaka alasiri. Mama, ambaye macho yake yamekufa lakini masikio ni mazima, aliuliza mbona kuna vifaranga upande wa chooni. Nikamwambia ni vya jirani, naye akasema jirani amebahatika. Sanduku nililipasua kuni, friji nikalisukumia korongoni.

Nilikuja kukuona gerezani mwezi uliofuata. Nilipanda lori hadi Isaka, kisha treni, na njia nzima nilikuwa natunga jibu la swali la sabuni. Wewe, ambaye hukuwahi kunisemesha kabla ya kuniamkia, siku ile hukuniamkia. Uliuliza, "Yametoka mangapi?"

Nikasema arobaini na moja.

Ulilia, Maige. Ulimwita mfungwa mwenzako ukamwambia arobaini na moja kwa taa ya chemli. Tangu hapo kila nilipokuja vifaranga vilikua mdomoni mwangu. Niliviotesha manyoya. Vitatu nilimpa mwewe avichukue ili usione ni vingi mno. Uliniagiza nani apewe majike na nani apewe jogoo, ukitaja majina moja baada ya jingine kama yalivyoandikwa kwenye maganda, na nikakuletea salamu za shukrani kutoka kwao. Majirani hao hao walikuwa hawataki hata jina lako litajwe. Mwezi wa tano nilikuambia kuku wa mama ameanza kutaga. Ulinichorea kwenye karatasi ya pakiti ya sigara mashine ya mayai mia tano, ukikohoa, ukifuta damu kwa kiganja ili karatasi isichafuke. Habari ya sabuni hukuniuliza hata siku moja. Ningefurahi kama ungeniuliza, maana ningejitetea.

Lataben alikwenda mwenyewe kwa wakaguzi kukusemea. Aliwaambia friji ni lake na kwamba kijana asiyechukua malipo ya cherehani hawezi kulangua sabuni. Wakamuuliza basi ni ya nani. Akaja kwangu, akasimama mlangoni hataki kukaa.

"Apolonia, twende pamoja. Neno moja tu litamtoa."

Nilimwambia Limi ana homa. Limi alikuwa anaruka kamba mbele yake. Lataben alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaondoka. Aliondoka na vumbi la njia nzima kwenye sari yake, kwa miguu, mama wa miaka sitini. Kifua chako kilikumaliza miezi miwili baadaye.

Msomaji, sabuni ilikuwa yangu. Sukari ilikuwa yangu. Pamba niliitoa mimi, na huyu kijana hakujua lolote mpaka ubao ulipong'oka. Nalisema leo kwa sababu leo halina hatari. Msako umekwisha, na sabuni imepangwa wazi madukani, hata wavivu wanafua. Ingekuwa watu bado wanakamatwa, tangazo hili lingesema ulikuwa mcheshi na mpenda watu, basi. Na wewe Maige ujue kwamba hakikutoka kifaranga hata kimoja, na kwamba vyote vilikuwa vizima.

Jana nilimsomea mama maneno haya, kwa kuwa hawezi kuyasoma. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniomba nirudie pale penye beseni, nikarudia. Mkono wake ulitafuta kitu pembeni ya kigoda. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru.

Akasema, "Lipeleke gazetini. Ila jina langu usiliweke karibu na lako."

Maige, hakuna siku utakayosahaulika kwa mama yako mzazi, Mbuke. Kwa wajomba zako wa Geita. Kwa Limi, ambaye bado anakuulizia. Na kwa Lataben, aliyeomba aandikwe ingawa si ndugu.

———

Nami nakukumbuka, huku chini. Apolonia.