Sylvanus, Rubani Aliyekataa Kugeuka

Mwaka umetimia, kaka Sylvanus, tangu injini izime ukiwa hewani, juu ya miwa ya Mumias.

Tunakukumbuka Jumapili, mbele ya obusuma na ingokho, ugali na kuku wa Mama, ukiinua kijiko kiwe ndege. "Pua ikiwa juu na mwendo umepungua, bawa haliwezi kubeba tena." Kijiko kinaanguka. Mama anakugombeza: "We Sylvanus, ndege yako imemwaga mchuzi wangu!" Unacheka, unapangusa meza, unakirusha tena.

Miaka tisa ulifundisha urubani, na hukumfokea mwanafunzi hata mmoja. Awinja, mke wako, anasema hata ulipomfundisha pikipiki, akaingia nayo kwenye ua wa jirani, ulimuuliza tu kama ua umeumia.

Asubuhi ile ulikuwa na mwanafunzi wako, Nanjala. Mlikuwa mmeruka tu, injini ikapoteza nguvu. Kiwanja kilikuwa nyuma yenu, karibu. Hukugeuka. Ulishuka moja kwa moja kwenye miwa. Nanjala alitoka na mkono uliovunjika. Wewe hukutoka.

Mazishini watu walinong'ona kwamba rubani hodari angerudi kiwanjani. Niliwaamini, na kwa kuwa nilijua wewe ni hodari, nikadhani Nanjala ndiye aliyekuzuia kurudi. Kwetu hata adui huachwa aseme kaburini, lakini Nanjala alipoomba maiki nilimnyima. "Wewe ndiye uliyemuua," nilimwambia mbele ya watu wote.

Miezi mitatu baadaye alikuja kwetu Lumakanda, peke yake. Alisema, "Ni mimi niliyevuta usukani nikitaka turudi. Mwalimu aliusukuma mbele. Akaniambia, 'Hapana, Nanjala. Tukigeuka na mwendo huu, tutaanguka kama jiwe.'"

Kijiko kile nilikitazama miaka yote, kaka, nisielewe. Nisamehe. Na anayesema bado kwamba ulikosea, aje anitafute mimi.

Nanjala amepata leseni yake. Nimekutungia haya:

Injini ilinyamaza, hukutetema mkono,
Ndege ukaiongoza, ulivyofunza kwa neno,
Hofu ukaipuuza, ulitimiza agano,
Nanjala yuko angani, na jina lako li safi.

Ibada ni Jumamosi hii nyumbani, saa nne asubuhi. Nanjala atazungumza wa kwanza.

Tunaokukumbuka: mama yako Khalayi, mke wako Awinja, binti yako Cindy, mimi mdogo wako Griffin, na Nanjala, ambaye Mama ameagiza jina lake liandikwe hapa pamoja na yetu.

Siku zote tutakukumbuka, kaka.