Picha za Tunduma Ulizomtumia Baba

Lindi

Mdogo wangu Aloni,

Salamu kutoka huku tunakotoka jasho hata tukiwa tumekaa. Habari za huko na upepo wenu wa vumbi? Wewe sikuulizi hali, kitambi nimekiona kwenye picha.

Nilikuomba jambo dogo. Baba anasahau sana siku hizi, na tangu nimchukue aishi nami anaulizia nyumbani kila akiamka. Nikakuelekeza: simama palipokuwa na mashine ya kusaga, tazama upande wa Zambia, piga picha. Kisha nenda uani kwetu, pale mama alipokuwa akianika ulezi, piga.

Ukatuma picha za Aloni. Aloni na miwani mbele ya hoteli ya vioo. Aloni ameegemea gari ambalo si lake. Kazi yangu ni studio ya picha, nimepiga maharusi na marehemu, lakini sijawahi kuona mtu akiuficha mji mzima kwa kichwa chake. Baba alizitazama, akaniuliza kwa upole, "Kijana huyu anagombea nini?" Nilicheka, halafu nikaona aibu.

Ikafuata ile ya malori. Ulijisifu kwamba hiyo ni yadi yako mpya, madereva wanaosubiri kuvuka mpaka wanalala kwako. Baba hakukutazama wewe. Aliweka kidole kwenye lile jiwe kubwa la pembeni lililotushinda kung'oa, akasema, "Hapa ni kwangu."

Akasogeza kidole. "Sasa hilo lori limesimama wapi, Enesi? Si ndipo tulipomlaza mama yenu?"

Nikamwambia kaburi liko nyuma ya lori, umelizungushia ukuta na kulipaka chokaa. Nimemdanganya baba yangu kwa ajili ya mtu kama wewe, na umenichefua. Anataka kuzikwa ubavuni mwa mama. Hilo hajalisahau.

Sitaki maelezo, wala hotuba yako ya maendeleo. Ondoa lori, piga picha moja ya kaburi, na wewe usiwemo. Isipofika, tunakuja wenyewe.

Msalimie mkeo, yeye simlaumu. Msalimie na shangazi wa Vwawa, najua hujamwambia habari ya hiyo yadi.

Baba hajakusalimia. Amevaa koti lake la baridi ya Tunduma, amekaa mlangoni kwenye joto hili, anasubiri picha.

Dada yako,
Enesi