Saa Kumi Mkwe Anapita

Jumatatu, 3 Machi

Nimefagia vituo vyote vitatu vya kupumzikia wageni kando ya ziwa. Kituo cha pili kilikuwa kimejaa mifupa ya kuku na vifuniko vya soda, kama ilivyo kila baada ya Jumapili. Maji yamesogea tena. Jiwe nililolipaka chokaa wiki iliyopita limezama nusu. Ziwa lenyewe la chumvi, hunywi, humwagilii, halafu linakula njia yangu.

Saa kumi kamili mkwe akaingia getini. Nikakimbia na reki mkononi, nikajificha nyuma ya jabali la kituo cha kwanza. Mtu mzima, baba wa mtoto, nimechutama kama mwizi wa kuku.

Sina namna. Kwetu Ikungi mkwe ni mkwe, na kwao Kinampanda ni vilevile. Hupishani naye njiani. Huli mbele yake. Humgusi hata kwa bahati mbaya. Nimemuoa Anjela mwaka wa pili huu na sijawahi kuongea na mama yake neno hata moja. Likiwepo la kusema, Anjela analipeleka.

Sasa amekutwa na sukari. Daktari kamwandikia vidonge, kamwambia na kutembea kila siku. Amekuja mjini kukaa kwa mdogo wake, Mjomba Daudi, maana kwangu hawezi kulala. Nyumba ya Mjomba iko karibu na geti letu. Barabarani kuna malori. Kwa hiyo anatembea huku, kwenye njia ninayolipwa kuitunza, kituo cha kwanza hadi cha tatu, katikati vichaka na mawe matupu.

Wiki ya pili hii. Magoti yananiuma.

Jumanne, 4 Machi

Leo alikuja mapema kidogo. Nikakimbilia chooni. Nimekaa humo dakika ishirini, nje kuna watu wanagonga mlango. Nilipotoka kijana mmoja akaniuliza kama tumbo limekaa sawa. Nikasema halijakaa.

Mzee Salumu wa getini amecheka mpaka akashika ukuta. Yuko kwenye mfungo wa Ramadhani, nikamwambia acheke taratibu asije akasikia kiu.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Asubuhi nilipita kanisani kabla ya kazi. Saa kumi nimemwona mkwe kupitia miiba ya mgunga, naye ana msalaba wa jivu kwenye paji la uso.

Anatembea polepole kuliko jana. Kwenye kituo cha pili alishika kona ya meza, akasimama. Akafuta jasho kwa ncha ya khanga. Upepo ulikuwa mkali, wa baridi. Jasho la nini?

Halafu kutoka kituo cha pili kwenda cha tatu njia inashuka mpaka kwenye maji. Pale udongo umelegea. Nimeweka matawi na kamba, lakini kamba inamzuia anayetaka kuzuiwa. Mkwe aliiinua, akapita chini yake.

Moyo haukutulia mpaka alipotokea upande wa pili.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa.

Bosi kapiga simu saa mbili asubuhi. Kuna mama mmoja mgeni alikuwa hapa jana na familia yake, akapiga namba iliyoandikwa kwenye kibao. Kasema mfanyakazi wa humu anajificha vichakani anachungulia wanawake. Kasema alimwona kwa macho yake, amelala kifudifudi nyuma ya jiwe, anamfuatilia mwanamke wa makamo.

Ni kweli. Nilikuwa nimelala kifudifudi. Jiwe lilikuwa fupi.

Nikamweleza bosi kwamba yule ni mkwe wangu. Kaniuliza: "Sasa si umsalimie tu?" Bosi si wa huku. Nikajaribu kueleza, nikazidi kuharibu. Kasema nikionekana tena kichakani, nisije kazini.

Kwa hiyo nikijificha nafukuzwa. Nisipojificha namvunjia heshima mama wa mke wangu. Nimeshindwa kula mchana.

Jumamosi, 8 Machi

Watu wachache, kwa ajili ya mifungo yote miwili. Familia moja tu imechoma nyama kituo cha kwanza. Walimkaribisha mkwe. Nikaona kwa mbali anakataa, mkono kifuani, anashukuru. Nilikuwa nimesimama getini wazi kabisa, mgongo nimempa, najifanya napaka rangi nguzo ambayo ina rangi tayari. Shingo ikanigeuka yenyewe mara mbili.

Mkono wake ulikuwa unatetemeka.

Nilipofika nyumbani nikamwambia Anjela. Naye akaniambia Mjomba Daudi analalamika, dada yake haonekani akila mchana. Akiulizwa anasema ameshakula jikoni. Anjela anasema mama yake tangu zamani hapendi kula mbele za watu. Mimi nasema ananyauka. Tukabishana. Mtoto wetu Asifiwe akaamka, akalia, tukaacha.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Yeye upande wa akina mama, mimi safu ya mwisho karibu na mlango ili nitoke kwanza. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu mara ngapi anakaa wakati wenzake wamesimama. Mara tatu.

Naogopa. Nimeandika hapa kwa sababu kwa Anjela siwezi kusema mara ya pili.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimefanya kitu.

Bibi yangu alipotaka kumwambia mkwewe jambo na hakuna wa kumtuma, alikuwa anaongea na kigoda. Kigoda hakijibu, mkwe anasikia. Nikakumbuka. Nikaweka soda na maandazi mawili kwenye meza ya kituo cha pili. Nikasimama upande mmoja wa jabali, si kichakani, juu ya njia kabisa, ila jiwe limetutenganisha. Nikasikia hatua zake. Nikasema kwa sauti:

"Wewe jiwe, hapo mezani kuna soda na andazi. Anayeumwa sukari asitembee na njaa."

Upepo tu. Nikajua nimeharibu. Halafu nikasikia sauti yake, ya chini, karibu sana:

"Jiwe, mwambie aliyekutuma ahsante. Mimi nimefunga mpaka Pasaka. Nilimwahidi Mungu siku mtoto wa Anjela alipozaliwa hawezi kulia."

Akaendelea na safari yake. Soda haikuguswa.

Asifiwe alizaliwa kabla ya miezi yake, siku mbili hajatoa sauti. Sisi tuliomba na kulia. Kumbe bibi yake aliweka nadhiri. Anameza vidonge vya kushusha sukari, hali chochote mpaka jua lizame, na katikati anatembea kando ya ziwa.

Nimempigia Anjela hapohapo. Nikasikia cherehani anayoshonea imezimwa.

Jumanne, 11 Machi

Anjela ameshinda kwa Mjomba. Wamemwita katekista. Katekista kasema mgonjwa hafungi, Mungu hadai hilo. Mkwe kasema katekista ni mtoto wa juzi. Anjela akalia. Mwisho mama yake akakubali jambo moja tu: kesho hatatembea, Alhamisi waende wote kliniki wakaulize.

Alhamdulillah, kasema Mzee Salumu nilipomweleza.

Nimenunua pakiti ya glukosi dukani, nimeiweka mfukoni mwa kazi. Sijui kwa nini, maana hatatembea.

Jumatano, 12 Machi

Leo mwandiko utakuwa mbaya.

Alikuja. Saa kumi kamili, kama hakuna lililosemwa. Mzee Salumu akamwambia, "Mama, si ulipumzishwa leo?" Akajibu kwamba kukaa ndani kunamuumiza zaidi.

Hapakuwa na mgeni hata mmoja. Nikaenda kungoja mbali, mwisho wa njia, kituo cha tatu. Nilipanga nikimwona anatokea nami niondoke. Kutoka kituo cha kwanza mpaka hapo hutumia dakika ishirini na tano. Zikapita thelathini. Nikasema amepumzika mezani. Zikafika arobaini. Nilisimama pale kama mjinga nikiogopa kukutana naye. Hilo sitajisamehe. Dakika kumi nzima nilisimama kwa ajili ya adabu.

Halafu nikakimbia.

Alikuwa pale kwenye kamba. Amekaa kwenye maji, yanamfika kiunoni, kiatu kimoja kimenasa kwenye tope. Khanga imelowa. Uso umejaa jasho. Ndege aina ya heroe walikuwa wamesimama kwa mbali, wanakula zao. Nikaita, "Mama!" Neno la kwanza. Hakunijua. Akaniita Daudi, akaniuliza kama mbuzi wamerudi.

Nikapiga kelele kutafuta mwanamke. Mwanamke yeyote. Hakuna. Nikampigia Mzee Salumu, akasema anatafuta bajaji, lakini mguu wake ni mbaya na mimi najua, mpaka anifikie ni nusu saa. Nikamtazama mkwe. Kichwa kilikuwa kinaanguka upande.

Nikaingia majini. Nikamshika mabegani nikamvuta mpaka kwenye jiwe kavu. Nikamwegemeza kifuani kwangu. Nikakoroga glukosi kwenye chupa yangu ya maji, nikampa kidogo kidogo, kidevu chake mkononi mwangu. "Meza, mama. Meza tena." Mengine yalimwagika kwenye shati langu. Nilikuwa nalia, nimesema kweli, nalia kama Asifiwe.

Sijui muda gani. Macho yake yakatulia. Akanitazama usoni, karibu, kama ninavyotazama ukurasa huu. Akanijua. Nikaona kabisa anavyonijua.

Akavuta ile khanga iliyolowa, akajifunika uso.

Nikambeba mgongoni hadi getini. Ni mwepesi kupita kiasi. Bajaji ilikuwa inangoja, Mjomba Daudi ndani yake. Nikamweka kwenye kiti, nikarudi nyuma hatua nyingi.

Alhamisi, 13 Machi

Amelazwa. Anaendelea vizuri. Daktari amesema tungechelewa kidogo tungesema mengine. Wamembadilishia vidonge, na daktari mwenyewe, mama mtu mzima, amemkataza kufunga kwa ukali mpaka wodi nzima ikasikia.

Nilikaa nje, kwenye ukuta. Anjela akatoka kuniuliza: nimwambie ni wageni waliomwokoa? Nikasema mwambie hivyo. Akarudi baada ya muda, amekunja midomo. Mama yake kamjibu: "Wageni hawaniiti mama wakilia."

Kisha, Anjela anasema, mama akageukia ukuta.

Nimempigia baba Ikungi. Kaguna kwa muda mrefu. Kasema tutapeleka kondoo kwa Mjomba Daudi, na tuombe radhi, na tungoje. Nikamuuliza kama kuna aliyewahi kumbeba mkwe mgongoni. Kasema yeye hajasikia.

Jumamosi, 15 Machi

Ametoka hospitali. Yuko kwa Mjomba. Anakula, Anjela anasimama juu yake mpaka sahani iishe. Kondoo amepokelewa. Jibu hakuna.

Saa kumi nilikuwa getini. Sikuwa na wa kumkimbia. Nikapanga mawe kufunga ile sehemu ya chini, nikafyeka njia mpya inayopita juu, mbali na maji. Mgongo unauma. Afadhali.

Jumanne, 18 Machi

Hakuna jibu. Anjela anasema mama yake hajanitaja hata mara moja, wala kwa ubaya. Hilo ndilo linalonitisha. Mtu akikutukana unajua uliposimama.

Bosi amekuja kukagua. Mzee Salumu akamsimulia yote kabla sijafungua mdomo, na ya kuongeza akaongeza. Bosi akanipa mkono. Kasema njia mpya ni nzuri, na lile lalamiko amelifuta. Ningefurahi siku nyingine.

Najiuliza ningefanya nini tofauti. Ningekimbia mapema. Hilo tu. Kumshika ningemshika.

Ijumaa, 21 Machi

Njia mpya imeisha. Nimeng'oa visiki vyote ili mtu asijikwae. Mtu gani, sijasema.

Nimeota yuko majini tena. Mchana, nimesinzia kwenye benchi kidogo tu.

Jumapili, 23 Machi

Siku ya zamu yangu. Upepo kidogo, jua limepoa. Ziwa halijasogea wiki hii.

Saa kumi Anjela akaingia getini na Asifiwe mgongoni. Peke yake, nikadhani. Akaja moja kwa moja mpaka niliposimama, akasema ametumwa. Mama yuko nje ya geti. Anataka kutembea. Hataki kutembea peke yake tena, na Anjela na mtoto mgongoni hawezi njia nzima. Kasema mimi nitangulie. Nisigeuke. Yeye atakuja nyuma, hatua ishirini, aone mgongo wangu.

Nikamuuliza Anjela, hivyo tu? Akasema hivyo tu. Akakaa kwenye benchi na Mzee Salumu, akaanza kumnyonyesha Asifiwe.

Nikatangulia. Nikasikia geti, kisha hatua. Kituo cha kwanza. Kituo cha pili. Nikapita njia mpya ya juu, naenda taratibu kabisa, nikisikiliza kila kokoto nyuma yangu. Akisimama, nasimama. Akianza, naanza. Kuna mahali alikohoa nikakaribia kugeuka, nikajizuia.

Karibu na kituo cha tatu nikapunguza mwendo zaidi, nikiogopa amechoka. Hatua zikasogea. Halafu sauti yake, ya kawaida tu, ya mama yeyote anayemsemesha mtu wa nyumbani kwake:

"Kaza mwendo kidogo, baba. Daktari kasema nitoke jasho."

Sikugeuka. Nikakaza mwendo.